Miche Iliyovundikwa

Mtu akiona mmea umelegea, mkono hukimbilia maji kabla kichwa hakijauliza lolote. Ndivyo tulivyolelewa. Kwetu Ilula, kando ya barabara ya Iringa kwenda Morogoro, ambako nyanya hujazwa kwenye matenga na kupakiwa kwenye malori, mche ukiinama mchana tunasema una kiu, na mara nyingi tunakuwa tumesema kweli, kwa maana jua la kule halina mzaha. Jibu hilo hilo ukilihamishia Buffalo, kwenye mwezi wa Aprili, unaweza kuua miche yote nawe ukaendelea kujiona mtu mwenye huruma.

Buffalo iko pale Ziwa Erie linapojimwaga kwenye mto Niagara. Kila majira ya baridi mdomo wa ziwa huwekewa uzio wa maboya ya chuma ili mabarafu yasiteremke mtoni kwa pamoja, na uzio huo hautolewi mpaka barafu ipungue. Kwa hiyo Aprili ya huku ina uongo ndani yake: jua linawaka, watoto wanatoka na fulana, lakini upepo wa ziwani unakuja na baridi ya barafu isiyokwisha kuyeyuka. Wenyeji wengi hawatoi nyanya nje mpaka ipite Memorial Day, Jumatatu ya mwisho ya Mei. Kabla ya hapo miche hulelewa ndani.

Na walezi wapo. Upande wa magharibi wa mji, ukishuka Grant Street, Kiswahili unakisikia mpaka unasahau uko nchi gani. Wapo Wakongo waliokaa kambi ya Nyarugusu miaka mingi, wapo Warundi, wapo Wabantu wa Somalia ambao baadhi ya wazee wao bado wanaongea Kizigua, lugha ambayo mababu zao walitoka nayo bara ya Tanga walipopelekwa utumwani Somalia katika karne ya 19. Hao Wabantu wa Somalia ndio ambao hamu yao ya kushika jembe ilizaa, mwaka 2017, shamba la pamoja kule Orchard Park, nje kidogo ya mji, linaloitwa sasa Providence Farm Collective, ambako jamii nyingi za wakimbizi zinalima. Mbali na shamba hilo kubwa kuna vibustani vya mtaani, kwenye viwanja ambavyo nyumba zilibomolewa, na katika kimoja cha hivyo kuna kitalu nyumba kidogo: mabomba yaliyopindwa, plastiki juu, mlango wa mbao. Msimamizi wake ni mama mmoja mzaliwa wa Fizi, Kongo, mwenye wajukuu. Mwaka mmoja miche yake ya nyanya iliinama.

Alinipigia simu kwa sababu anajua kwetu ni kwa nyanya.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Kuja uone. Maji niko naweka, kila asubuhi niko naweka, lakini inazidi kulala."

Hapo tayari kila aliyepita alikuwa ameacha ushauri wake. Mmoja alisema ongeza maji. Wa pili alisema mbolea. Wa tatu, mtu wa dini, alisema kuna mkono wa mtu. Jirani Mmarekani alileta chupa ya dawa ya wadudu, kwa nia njema kabisa. Wote walikuwa wanajibu, na hakuna aliyeuliza miche inainama saa ngapi.

Nami nilikwenda na mzee mmoja wa Kizigua, mtu mkimya, aliyelima mahindi na ndizi bonde la Juba kabla ya vita kumfukuza. Yeye hakuongea kwanza. Aliinama, akashika jani moja kati ya kidole gumba na cha shahada, akalisugua taratibu, kisha akanishika mkono na kuniwekea lile jani. Jani lenye kiu ni teketeke, unalikunja kama kitambaa kilicholowa. Hili lilikuwa limepinda kuelekea chini, limekunja ncha zake kwa ndani, lakini lilikuwa gumu, limejaa maji, ukilibonyeza linarudi. Mmea ule haukuwa umenyauka. Ulikuwa umepinda, na hayo ni mambo mawili, ingawa ukisimama mlangoni yanaonekana jambo moja.

Tukaanza kuondoa sababu moja baada ya nyingine, kazi ambayo haina raha wala haimpi mtu sifa. Nilinyanyua trei kwa mkono: nzito, maji yapo. Je, maji yamezidi? Swali hili ndilo lililonipa hofu zaidi, maana mizizi ikizama majini inakosa hewa, na mche wa nyanya uliokosa hewa chini huinamisha majani juu, vile vile kabisa, mabichi na magumu. Tukasukuma mche mmoja ukatoka na udongo wake. Mizizi ilikuwa myeupe, imesambaa, haina harufu. Ingekuwa ya kahawia na inateleza, tungekuwa na jibu. Tukatazama shingo ya mche, pale shina linapogusana na udongo, kwa kuwa kinyausi hula hapo, shina likasinyaa na mche ukaanguka wote. Mashina yalikuwa mazima. Nikakata moja kwa wembe, nikalisimamisha kwenye glasi ya maji safi, kama mabwana shamba wanavyofundisha kule kwetu: ukiwa ni mnyauko wa bakteria, baada ya muda mfupi uzi mweupe kama maziwa unashuka kutoka kwenye jeraha. Maji yalibaki safi. Isitoshe, ugonjwa mara nyingi huanza mahali pamoja ukaenea. Hapa nyanya zote zilikuwa zimeinama kwa kiasi kimoja, za mlangoni na za nyuma, huku sukuma wiki na vitunguu kwenye meza ile ile vikiwa vimesimama wima.

Palikuwa na sababu moja zaidi, ambayo watu wa nchi za joto hatuifikirii. Katika siku ya jua kali ya Aprili, ndani ya plastiki panaweza kuwa na joto la Ilula huku udongo wa kwenye trei bado una baridi ya usiku. Majani yanatoa maji kwa kasi, mizizi imeganda haiwezi kuyavuta, na mche unalegea ukiwa umesimama kwenye udongo ulioloa. Ukimwagia maji ya bomba, ambayo mwezi huo ni ya baridi, unazidisha tatizo. Lakini mche wa namna hiyo hulegea mchana na kuinuka jioni. Ya mama ilikuwa inafanya kinyume: ilikutwa imeinama alfajiri, na ilikuwa mibaya zaidi baada ya usiku wa baridi kali. Baada ya usiku wenye afadhali, haikuzidi kuinama.

Mzee akauliza swali lake la kwanza: "Usiku kunawaka nini humu?"

Kulikuwa kunawaka hita ya gesi, ndogo, isiyo na bomba la kutolea moshi. Na kitalu chenyewe mama alikuwa amekiziba kila tundu kwa utepe wa plastiki, mlango ameuwekea blanketi. Simlaumu. Desemba 2022 dhoruba ya theluji iliushika mji huu wakati wa Krismasi, umeme ukakatika kwenye nyumba nyingi, magari ya zimamoto yenyewe yakakwama, na watu zaidi ya 40 wakafa katika kaunti hii ya Erie. Yeye alikuwa mmoja wa waliokaa gizani na wajukuu chini ya mablanketi. Mtu aliyepita hapo, ukimkabidhi chumba cha plastiki akilinde na baridi, ataziba. Hita ikikosa hewa ya kutosha haichomi gesi yote vizuri. Ulimi wa moto unakuwa wa njano badala ya bluu, na katika kile kisichoungua vizuri mnakuwamo ethilini.

Gesi hii ina historia ya kuwachezea watu. Mwaka 1901, wakati Buffalo ikijionyesha kwa dunia kwenye Maonyesho ya Pan-American kwa maelfu ya taa za umeme uliotoka maporomoko ya Niagara, huko Saint Petersburg kijana mmoja, Dimitry Neljubow, alikuwa akieleza kwa nini miche yake ya njegere iliyooteshwa gizani maabara ilikua kwa kulala ubavu. Gesi ya taa ilikuwa inavuja, na ndani yake kilichoilaza miche ni ethilini. Baadaye ikaja hadithi ya malimau ya California. Wakulima walikuwa wakiyaweka malimau mabichi kwenye vyumba vyenye majiko ya mafuta ya taa ili yageuke njano, wakiamini kazi hiyo inafanywa na joto. Walipojaribu joto safi lisilo na moshi, malimau yakabaki kijani. Mwaka 1924 Frank Denny, mtafiti wa wizara ya kilimo ya Marekani, akaonyesha kwamba siku zote iliyokuwa ikifanya kazi ni ethilini iliyomo kwenye moshi. Nyanya nayo ni nyepesi mno kuihisi gesi hiyo. Kiasi kisichofika sehemu moja katika milioni moja ya hewa kinatosha: upande wa juu wa kikonyo unarefuka kuliko wa chini, na jani linasukumwa kuelekea ardhini. Ndiyo maana wapo wakulima wanaoweka mche wa nyanya kwenye kitalu wanachokishuku, wakaulaza humo usiku mmoja, asubuhi wakausoma.

Na sisi tulifanya hivyo. Nilikuwa na miche miwili dirishani kwangu, mizima. Mmoja ukalala kwa mama, mmoja ukabaki nyumbani. Asubuhi wa kwangu ulikuwa umenyoosha mikono, wa kwa mama umeitupa chini.

Nilipomweleza mama kuhusu moshi na gesi inayoivisha malimau, alinitazama kwa muda, halafu akacheka mpaka akakaa kwenye ndoo. Kwao, ndizi za kasiksi, pombe ya ndizi, huwekwa shimoni, zikafunikwa majani, moshi ukapulizwa ndani ziive haraka. Wahaya wanafanya hivyo kwa ndizi za lubisi, na sidhani kuna pembe ya nchi za maziwa makuu ambako mtoto hajatumwa kuchungulia shimo la ndizi. "Kumbe mie nimevundika miche!" akasema. Alikuwa ameijua gesi hii maisha yake yote, bila kuhitaji jina lake, na bibi zake wangeweza kuwafundisha wale wa malimau miaka mingi kabla ya Denny.

Kicheko kilipoisha, mzee akamuuliza: "Na wewe, kichwa?"

Akasema kichwa kinamgonga kila asubuhi akitoka kitaluni, na kichefuchefu kidogo, lakini hiyo ni presha na uzee. Hapo mimi sikucheka tena. Moto unaochoma vibaya hautoi ethilini peke yake, unatoa na kaboni monoksaidi, isiyo na rangi wala harufu, inayoshika damu mahali pa oksijeni. Ni ile ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa wakafunga madirisha, habari ambayo kwetu husikika karibu kila msimu wa baridi, Njombe, Mbeya, Limuru. Mama alikuwa akiingia mle kabla ya alfajiri, akifunga mlango nyuma yake, akikaa kupanga trei. Tuliongea na binti yake jioni hiyo hiyo, akampeleka kwa daktari, na hita ikatolewa nje kabla jua halijazama.

Tangu siku ile nimeacha kuiita ile miche migonjwa. Haikuwa migonjwa. Ilikuwa na hisi kali kuliko sisi wote tulioingia mle tukavuta hewa ile na kutoka na ushauri. Vitunguu vilinyamaza, sukuma ikanyamaza, mama mwenyewe akanyamaza akasingizia presha. Nyanya ndizo zilizosema, na tulivyozijibu ni kwa mbolea na dawa ya wadudu.

Funzo hilo lilinirudia tena nje ya kitalu. Nina kazi ya ukalimani, na kazi hiyo ina kiapo cha siri, kwa hiyo niliyoyasikia hospitalini au shuleni yatabaki huko. Hili ninalolisema sasa ni la sebuleni, na wenyewe wameniruhusu bila majina. Familia moja rafiki ina kijana wa miaka 15. Alikuja huku mdogo, akakishika Kiingereza kwa muda mfupi kuliko wazazi wake, akawa fahari ya ukoo. Halafu akabadilika. Hasemi mezani, anajifungia, alama zimeshuka, akiitwa anajibu kwa jeuri. Pakaitishwa kikao. Wajomba, wazee wa kanisa, na mimi nikiwemo kwa sababu ya ndevu zangu zenye mvi. Kila mtu alimwagia maji yake: soma mwanangu, kumbuka tulikotoka, huku ndiko nafasi ilipo, simu ndiyo inayokuharibu. Kijana aliinamisha kichwa mpaka kikao kikaisha. Nilivyomwona ameinama vile, jambo la kitaluni likanijia, na nikamwomba baba yake ruhusa ya kuuliza maswali ya kijinga.

Anakuwa vibaya saa ngapi? Mama yake alifikiri. Asubuhi yu sawa. Shuleni, walimu wanamsifu mpaka saa za mchana. Jioni ndiyo. Siku zote jioni? Hapana, wikiendi anacheka. Jumatatu mpaka Ijumaa, akirudi. Na wadogo zake, waliokula chakula kile kile na kulala chumba kile kile? Wadogo zake hawana neno.

Tofauti kati ya yule kijana na wadogo zake tuliipata mlangoni. Ni sanduku la barua. Yeye ndiye anayejua kusoma vizuri, basi kila siku akitoka shule alikuwa anafungua bahasha za nyumba nzima. Barua ya mwenye nyumba kuhusu kodi iliyochelewa. Barua ya hospitali yenye deni ambalo baba hakuelewa limetoka wapi. Barua ya ofisi ya misaada inayotaka vielelezo ndani ya siku kumi, la sivyo chakula kitakatwa. Alikuwa akisoma, akitafsiri, akipiga simu kwa sauti ya kujikaza akijifanya ni baba yake, akisubirishwa kwenye muziki, kisha akija kumweleza baba yake, mtu mzima anayemheshimu, kwamba wamekataa. Wadogo zake walikuwa wakicheza kwenye zulia. Wazazi walikuwa wakiona kijana anawasaidia kwa karatasi kidogo, kazi ya dakika chache. Hakuna aliyemdhulumu. Walimziba na baridi kwa upendo wote, kisha wakamfungia humo na kila kilichokuwa kinaungua vibaya ndani ya nyumba.

Nasema hivi nikijua mahali panapochubua. Sisi watu wa huku tunapenda kusema mtoto amepotea, na mtoto akipotea tunamtafutia dawa yeye. Ni rahisi kumketisha mmoja kwenye kigoda katikati ya sebule kuliko kuichunguza nyumba nzima pamoja na sisi tuliokaa kwenye makochi. Na kuna wakati mtoto kweli ana lake, kama vile kuna wakati mche kweli una kiu, kwa hiyo siwapi watu kanuni. Ninachokataa ni kuanza na maji.

Kitalu cha mama sasa kina hita ya umeme yenye feni na tundu la hewa lililo wazi juu ya mlango, na kwenye nguzo pana king'ora cha kaboni monoksaidi ambacho hakijawahi kulia chenyewe, ingawa mama anakibonyeza kila akiingia kuhakikisha hakijalala. Majani yaliyokuwa yamepinda hayakunyooka kamwe. Machipukizi mapya yalitoka yakiwa sawa, na Juni miche ikahamishiwa nje, ikazaa. Bili ya umeme ndiyo ugomvi uliobaki. Wanakamati wanasema ni kubwa, mama anasema kamati haijawahi kuumwa kichwa.

Kuhusu barua, nilijitolea Jumamosi jioni. Nakaa mezani pao, baba anamwaga bahasha za wiki, nasoma, tunajibu, na yanayohitaji ofisi nawaonyesha ni nani wa kumwona, maana wengi hawajui kwamba hospitali na ofisi nyingi za serikali zinatakiwa kumtafutia mtu mkalimani bila malipo, na kwamba mtoto hapaswi kufanya kazi hiyo. Baba hakulipenda jambo hili mwanzoni, na sina hakika kama amelipenda hata leo. "Ndugu yangu," aliniambia, "mwanangu akijua madeni yangu, ni mwanangu. Wewe ukijua?" Nilimwelewa. Tulikubaliana kwamba barua za benki anakwenda nazo mwenyewe benki, akitafsiriwa na mkalimani wa simu ambaye hatamwona maishani. Zinazobaki nasoma mimi. Barua za shule bado anazifungua kijana, na hizo zinamhusu yeye.